Mheshimiwa, Nilikuomba Neno Moja

La Haie-Morin, 14 Septemba 1959

Mdogo wangu Aubin,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana kila ninapokuona gazetini umesimama, na mtu wa umri wako hafai kusimama hivyo. Sisi tunaendelea. Baba miguu imemvimba tena, lakini mdomo haujamvimba. Anatukana tangu kahawa ya asubuhi mpaka supu ya jioni. Blanchette amezaa ndama dume. Paa la banda la kukamulia lilikuwa linavuja, Gustave Lerouge wa ng'ambo ya ua akaja kuliziba, akakataa malipo, akanywa kahawa akaenda zake. Mama Gautier anakusalimu, anauliza mwanawe aliyepelekwa vitani Algeria atarudi lini, kana kwamba wewe ndiye unayempangia zamu. Nilimwambia nitakuuliza. Basi nimekuuliza.

Sasa lile lililoniketisha mezani. Dukani kwa Ernestine hawazungumzi kingine siku hizi: serikali inataka kuiua haki yetu wakulima ya kupika kalva, pombe yetu ya matufaha. Wanasema mwenye haki ataachiwa mpaka afe, kisha itapita kwa mjane wake, basi. Mtoto hapati kitu. Wengine wanasema ni porojo za wauza magazeti. Mimi nasema lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Unajua hali yetu. Haki ni ya Baba, jina ni la Baba, ingawa tangu vita ni mimi ninayeokota matufaha, mimi ninayekamua, na mimi ninayesimama na Fundi Prosper anapokuja na mtambo wake wa kupikia kila majira ya baridi. Mwanasheria Quesnel wa Domfront ameniambia hivi: nikiandikishiwa miti kwa jina langu kabla ya baridi hii, nikapika kwa jina langu, haki inakuwa yangu mpaka nife, na amri yoyote itakayokuja itanikuta nayo. Lakini kufanya hivyo lazima nimtie Baba kalamu mkononi aniandikie miti. Kwake hiyo ni sawa na kumwambia ajaribu jeneza kama linamtosha. Kama kuna haja nitafanya, atanirushia bakora, atanuna mpaka Pasaka, yatapita. Kama hakuna haja, kwa nini nimzike mzee kabla ya siku yake?

Wewe ndiye Waziri wa Afya, na hayo mambo ya pombe yako mezani kwako. Sikuombi siri za serikali. Bila kalva shamba hili ni majani na ng'ombe wanne, na mimi ni mwanamwali mzee anayemfulia baba yake. Niambie tu: niandikishe au nisiandikishe? Neno moja.

Pipa langu, lile Baba alilolijaza nilipozaliwa ili lifunguliwe siku ya harusi yangu, bado liko nyuma ya viazi. Nililigonga juzi, limezidi kupungua. Ajabu ya kitu hicho, kinapungua bila mtu kukinywa.

Dada yako,
Honorine


Paris, 2 Oktoba 1959

Dada Honorine,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza garini, mara ya pili nikiwa nimevua viatu. Umeniletea harufu ya nyumbani, na hapa ninachonusa ni nta ya sakafu tu na moshi wa sigara za watu wengine.

Mimi sijambo, ila nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauitibu. Unakumbuka nilipoitwa serikalini mara ya kwanza, Baba akachinja bata? Serikali ile ilianguka kabla sijajua choo kilipo. Ya pili ilianguka nikiwa ndani ya treni. Niliondoka Paris naibu waziri, nikashuka Argentan raia wa kawaida, na mkuu wa stesheni alikuwa ameshasikia kabla yangu. Wakati ule tulikuwa tunaanguka kama matufaha yenye wadudu, na tulipokuwa chini tulipumzika kidogo. Hii serikali mpya haianguki. Watu wanaona ni jambo la heri. Mimi kila asubuhi naangalia ngazi za wizara na kuzipanda.

Mezani kwangu yapo mafaili ya hospitali, maziwa ya shule, kifua kikuu, na mabunge mawili ya kuyabembeleza. Mchana nala na watu wanaotaka kitu. Jioni nala na watu waliokosa kitu. Mke wangu Solange bado yuko Nice kwa ajili ya kifua chake. Hewa ya bahari inamfaa, na anasema huenda akakaa mpaka mwakani.

Miguu ya Baba isikutie hofu. Mwinulie kitandani, mpunguzie chumvi, na usimruhusu kukaa na viatu vya mbao kutwa nzima. Nakutumia dawa, akikataa, mtilie kwenye kahawa. Kuhusu kijana wa Gautier nimeuliza, nangoja jibu. Mshukuru Gustave kwa paa.

Mambo ya shamba, dada, wewe unayajua kuliko mimi. Siku zote umeyaamua vizuri.

Mdogo wako akupendaye,
Aubin


La Haie-Morin, 20 Oktoba 1959

Mheshimiwa mdogo wangu,

Nilikuomba neno moja, umeniletea kurasa nne. Nimezisoma zote, hata nyuma ya karatasi, nikidhani huenda umelificha pembeni kama ulivyokuwa ukificha maharage chini ya sahani.

Nimekaa nikawaza. Kama kungekuwa na hatari, ungeniambia. Wewe ni wa tumbo moja nami; nilikubeba mgongoni mpaka shule kiatu chako kilipokatika. Kwa hiyo nimeuchukua ukimya wako kama ndiyo jibu: hakuna jambo. Baba sikumwambia kitu. Fundi Prosper atakuja baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote na tutapika kwa jina la mzee kama kawaida. Nafsi yangu imetulia.

Dawa ameigundua kwenye kahawa. "Huyu daktari wako wa Paris," akasema, "anataka nishinde chooni nikiimba?" Lakini uvimbe umeshuka. Chumvi nimepunguza, analalamika kwamba nyama ina ladha ya kanisa.

Matufaha yameisha kuokotwa. Mgongo wangu siuelezi. Gustave alikuja na farasi wake siku mbili tukasomba pamoja, kwake na kwetu. Tangu Berthe wake afe anakula chakula baridi kama mbwa wa mlinzi, basi nikampa supu. Baba akageuza kiti akala akitazama ukuta. Ugomvi wa ua ule, Aubin! Baba yake Gustave alisogeza miti ya mpakani hatua chache, amekufa, ameoza, na bado mtoto wa watu anaonyeshwa kisogo.

Utakuja kwa Mama siku ya Wafu? Nimenunua maua ya krisanthi ya njano, yale meupe yamepanda bei. Kaburi lina nafasi ya kusimama wawili.

Honorine


Paris, 12 Desemba 1959

Dada yangu,

Nisamehe kwa kutokuja kwenye kaburi la Mama. Nilikuwa nimeshafunga sanduku, kikaitishwa kikao, nikalifungua tena. Dereva wangu, Bwana Mazeau, mtu wa Limousin mwenye huruma, aliona nimekaa tu kwenye kochi la barazani na kofia kichwani. "Mheshimiwa, unatoka au unaingia?" Nikavua kofia.

Kijana wa Gautier atapata likizo ya Krismasi. Mwambie mama yake, lakini asiseme ni mimi, nitaletewa barua za akina mama wote wa wilaya.

Naomba nikusimulie jambo ambalo sikuwahi kukusimulia. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa udaktari pale Passais. Waliniita shamba moja, nyuma ya msitu. Mtoto wa miezi saba, halii, haamki. Mama yake alikuwa msichana safi, nyumba imefagiliwa, kitanda kina shuka nyeupe. Nikauliza amekula nini. "Maziwa tu, daktari, na kijiko cha kalva ili alale, kama alivyotufanyia bibi." Kijiko kilikuwa kikubwa mno kwa kifua kile. Niliandika kwenye cheti cha kifo kwamba ni mapafu. Yule msichana bado yuko hai, ana wajukuu, na hajui. Ndiyo maana sijawahi kulisema hadharani, hata pale ambapo lingenisaidia.

Watu wanadhani tunakaa hapa tukitafuta namna ya kuwaudhi wakulima. Mimi ni mkulima, Honorine. Nimebatizwa kwa maji, lakini midomo yangu Baba aliipaka tone la pipa langu mimi kabla padre hajafunga kitabu.

Ukisikia lolote redioni, kumbuka kwamba mtu anaweza kuwa na sababu.

Nimemtumia Baba soksi za sufi. Noeli njema. Mmekwisha kupika?

Aubin


Paris, 7 Februari 1960

Dada Honorine,

Salamu za mwaka mpya nilizituma, hazikujibiwa. Najua kwa nini.

Sasa umesikia, na umesikia kwa sauti yangu mwenyewe, maana walinipa mimi kazi ya kuisoma amri redioni. Walisema mtu wa Normandi hatawauma kama mtu wa Paris. Waliopika msimu huu kwa majina yao wataendelea maisha yao yote. Baada yao wajane na wagane wao. Kisha basi.

Utasema nilijua. Nilijua. Ulipoandika Septemba, rasimu ilikuwa kwenye droo ya mkono wangu wa kulia. Lakini ningekwambia uandikishe, ningekuwa waziri aliyemtonya dada yake, na kila mtu aliyekuwa akipinga amri ile angepata jiwe la kutupiga. Ningekwambia usiandikishe, ningekuwa mwongo. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka, nikaishia kukuandikia habari za chumvi.

Naiamini amri ile. Hilo pia ni kweli. Nimezika vijana wengi waliokunywa urithi wao.

Uandike, hata kunitukana. Baba anasemaje?

Aubin


Paris, 15 Machi 1960

Dada,

Bwana Mazeau anapita posta kila asubuhi kabla ya kunichukua. Akifungua mlango wa gari natazama mikono yake. Leo alisema, "Hakuna, Mheshimiwa," kabla sijauliza.

Hapa kuna minong'ono ya mabadiliko ya mawaziri. Wenzangu wanatembea barazani wakitabasamu kwa upande mmoja. Mimi sitabasamu wala sinuni. Nikiambiwa nibaki nitabaki, nikiambiwa niende nitatafuta kofia yangu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, Mama alikuwa akisema. Nangoja mshindo.

Aubin


La Haie-Morin, 10 Aprili 1960

Aubin,

Sikuandika kwa sababu kila nilipochukua kalamu niliandika jambo ambalo dada hamwandikii ndugu yake, nikalitia jikoni. Sasa karatasi zinaniishia, na kuni zipo.

Hatujambo. Mipeasi imetoa maua mapema. Blanchette anakohoa. Kijana wa Gautier alikuja Krismasi, akala kwa siku nne, akarudi. Mama yake anakuombea usiku na mchana, ni yeye peke yake hapa anayefanya hivyo.

Umeuliza Baba anasemaje. Tulikuwa mezani, redio imewashwa kwa ajili ya bei za ng'ombe. Ikaja sauti yako. Baba akaweka kijiko.

"Nani huyo?"

"Ni Aubin, Baba."

"Aubin yupi?"

"Aubin wako."

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Anazungumza vizuri. Zamani alikuwa na kigugumizi." Kisha akachukua bakora, akaenda banda la mapipa, akakaa humo peke yake kwa muda mrefu hata nikamfuata. Alikuwa ameketi mbele ya pipa langu. "Nikifa, moto unazimika," akasema, "na wewe ulijua kitu?" Nikamwambia sikujua. Ni kweli sikujua. Niliuliza.

Nakwambia sasa ili yaishe. Sikugombi kwa ajili ya amri. Habari ya mtoto yule wa Passais niliisoma nikalia, na kijiko cha namna hiyo hata sisi tulipewa. Tumepona kwa bahati. Labda amri yako ni ya haki. Nakugomba kwa kuniacha nikikuamini. Ungeandika hata "siwezi kusema", ningeelewa, ningekwenda kwa Quesnel siku ileile. Neno "siwezi" halimo kwenye siri za serikali. Ulinifahamu vya kutosha kujua nitauchukua ukimya wako kama shuka safi, nijifunike, nilale.

Basi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikuchekeshe sasa, kama bado unacheka. Kwa kuwa haki inakufa na mwenyewe, tangu Normandi iwepo wazee hawajawahi kutunzwa hivi! Mzee Anatole, aliyekuwa akilazwa chumba cha juu ya zizi, amehamishiwa chumba cha mbele karibu na jiko, anakunywa maziwa yenye krimu, na mkwewe anamvalisha skafu hata akienda msalani. Mzee akipiga chafya, nyumba nzima inasimama. Na kwa kuwa mjane anarithi, wagane wameanza kuposwa. Mdogo wake Ernestine, mwanamke wa miaka arobaini na meno yote, alimpelekea Anatole keki ya siagi. Mzee ana miaka themanini na nne! Dukani wakamzomea: "Anatole, utaiweza?" Naye akajibu, "Ng'ombe hazeeki maini, nyinyi leteni keki." Kote wilayani ni hivyo. Padre anasema hajawahi kuona mapenzi kama haya.

Sasa jambo lenyewe. Wewe bado ni meya wetu, ingawa tunakuona kwa nadra kama kupatwa kwa jua. Naomba ubandike tangazo la ndoa kwenye mlango wa ofisi yako, siku zake kumi kama sheria inavyotaka. Bwana harusi: Lerouge, Gustave, mkulima, mgane, mwenye haki ya kupika kwa jina lake mwenyewe. Bibi harusi: Hamelin, Honorine.

Tarehe tumeweka Jumamosi ya mwisho ya Mei. Andaa mshipi wako wa umeya wa rangi tatu, panya wasije wakautangulia.

Honorine


Paris, 22 Aprili 1960

Dada,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, kisha nimesoma yaliyomo.

Hivi umefikiri? Dada wa waziri anaolewa na jirani ili kuikwepa amri ya waziri, na waziri mwenyewe anasimama mbele yao na mshipi begani anawaunganisha! Wachora vikatuni hawatahitaji hata kubuni. Tayari mwenzangu mmoja wa baraza amenigusa kiwiko: "Hamelin, nasikia huko kwenu wanafunga ndoa na mitambo?" Alikuwa anacheka. Wakubwa hawakuwa wanacheka. Mabadiliko yanatangazwa mwezi ujao, na mimi niko kwenye ukingo wa meza kama kikombe kilichowekwa vibaya.

Nakuomba mambo mawili. Ahirisheni mpaka vuli, watu wasahau. Au mwacheni naibu meya wangu Fromentin afungishe. Sheria inamruhusu, na ana sauti nzuri kuliko mimi. Mimi nitasema nina safari.

Na Gustave! Baba alikwishakataa jina hilo, au umesahau? Halafu, dada yangu, ndoa si banda la kukamulia. Utalala nyumba moja na mtu, utamsikia akikohoa, kwa ajili ya lita chache za pombe? Ikiwa ni riziki, mimi nitakutumia kila mwezi. Nilipaswa kufanya hivyo zamani.

Solange ameandika kwamba hatarudi. Ameliandika kwa adabu. Nilijua tangu msimu wa vuli, sijui kwa nini nilikuwa nikikuandikia habari za kifua.

Usiniweke mbele ya watu siku hiyo. Nimechoka, Honorine.

Aubin


La Haie-Morin, 30 Aprili 1960

Mdogo wangu,

Pole kwa Solange. Nilijua pia. Mtu hapigi picha ya kadi ya Krismasi akiwa na kofia ile kama kifua kinamsumbua. Njoo ule supu, tusizungumze.

Fedha usitume. Kuahirisha sitaahirisha. Nimeahirisha tangu nina miaka ishirini na miwili.

Umeniuliza kama nimesahau kwamba Baba alimkataa Gustave. Nani angesahau, mimi? Wewe ulikuwa Caen unasomea udaktari. Mimi nilikuwa hapa na ndoo mbili mikononi wakati Baba anamfukuza uani, "Lerouge hachukui mti wangu wala binti yangu!" Nilikuandikia. Ulinijibu haraka siku hizo, ukasema nitapata mwingine. Nilingoja huyo mwingine kwa heshima yako. Gustave akamwoa Berthe, akawa mume mwema kwake, mimi nilimfulia Berthe nguo alipougua, sikuwahi kumtakia baya. Kisha Berthe akafa, na Gustave akaanza kuja kuziba mapaa. Barua zangu zote za mwaka huu amepita humo. Waziri mzima hukumwona?

Mwezi uliopita nilimwendea Baba akiwa kitandani, nikamwambia waziwazi.

"Lerouge?"

"Ndiyo, Baba."

"Yule wa ua?"

"Yuleyule."

Akatazama dari. Akatazama dirisha la upande wa mapipa. "Ana haki ya kupika?"

"Anayo. Kwa jina lake. Akinitangulia inabaki kwangu."

Mwishowe akasema, "Mwambie aurudishe kwanza ua mahali pake." Gustave akaja na shoka kesho yake asubuhi. Hakuurudisha, aliukata wote. Baba alikuwa mlangoni kwenye kiti akimwelekeza, "Na huo pia! Na huo!" na machozi yanamtiririka, akasema ni vumbi.

Kijiji kinacheka, Aubin. Kila nikiingia dukani kwa Ernestine wananiuliza kama nitaolewa na Gustave au na chupa. Nami nacheka nao, nawaambia chupa haikoromi. Waache. Mwanamke wa miaka hamsini na minne akiolewa kwa ajili ya kalva huitwa mjanja. Akiolewa kwa sababu nyingine huitwa jina ambalo siliandiki. Miaka yote hii nimetafuta sababu moja ambayo Baba hawezi kuikataa na watu hawawezi kuisikitikia, sikuipata. Umeipata wewe, ukaisoma redioni. Ningepaswa kukushukuru, na sitakushukuru, maana hukukusudia.

Gustave anajua. Ni wewe na yeye tu. Ukiwaambia waandishi wa magazeti nitakukana.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza nilipokubeba mgongoni. Fromentin ana sauti nzuri, lakini si ndugu yangu. Pipa langu nitalifungua siku hiyo. Tuliligonga na Gustave jana: limebaki robo, basi na tuinywe robo hiyo kabla hewa haijaimaliza. Nataka uwepo. Utasimama na mshipi wako mbele ya Baba, mbele ya Anatole na keki yake, mbele ya kijiji kizima, utaniuliza kama nakubali. Sheria inakulazimisha uniulize, nami inanilazimisha nijibu. Nitakujibu kwa neno moja, ulisikie mwenyewe, uone kwamba halimuui mtu.

Wizara wanaweza kukunyang'anya. Umekwishaanguka mara mbili, ukashuka Argentan, ukatembea.

Utakuja, au nimwambie Fromentin? Usinipe habari za afya, wala za Mazeau, wala za chumvi.

Honorine


Paris, 4 Mei 1960

Dada,

Ndiyo.

Aubin